Kukadiria kikomo cha uvuvi kwenye diko lenu: kutoka daftari la mnada hadi idadi ya safari

Nambari ya kikomo inayotajwa kwenye kikao cha BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi wa eneo lake) mara nyingi huwa imekatwa hewani. Mmoja anasema tani 50, mwingine anasema tupunguze kidogo, katibu anaandika, kikao kinafungwa kwa dua. Mwaka ukiisha hakuna ajuaye kama kikomo kilivukwa, maana hakuna aliyekuwa akipima. Mwongozo huu ni wa wanakamati, maafisa uvuvi na vijana wanaoshika daftari la diko (mahali vyombo hushusha samaki): watu wasio na meli ya utafiti, wenye data chache, na bado wanatakiwa kutoa nambari watakayoweza kuitetea mbele ya manahodha.

Mfano ni mmoja mwanzo hadi mwisho: tasi, au chafi kama wanavyoitwa kwingine, wanaovuliwa kwa madema (mitego ya kufumwa) kwenye miamba na nyasi za baharini. Kilo na safari nilizoweka ni za kubuni ili hesabu ionekane. Wewe weka zako.

1. Amua unamhesabu nani

Kikomo cha "samaki" kwa jumla hakisaidii. Tasi hukua haraka, chewa hukua polepole, na changu wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakua, kwa hiyo ukiwamaliza wakubwa umewamaliza madume. Ukiwajumlisha wote kwenye fungu moja, anayekua haraka atamficha anayekwisha. Chagua aina moja au mbili zinazobeba kipato cha diko, pamoja na zana inayowavua zaidi.

Kisha tazama mpaka. Mwamba mkiwa mnaufikia vijiji vitatu, daftari la kijiji kimoja ni theluthi ya habari. Ndiyo maana Tanzania Bara BMU zinazotumia maji yaleyale huunganishwa katika eneo la usimamizi wa pamoja, na Kenya kanuni za BMU za mwaka 2007 zilitoa nafasi kama hiyo. Kama jirani hataki kuhesabu, endelea, lakini jua kwamba kikomo utakachopata kinawahusu nyinyi peke yenu ilhali samaki ni wa wote.

2. Hesabu safari kwanza, kilo baadaye

Watu hukimbilia mzani. Mimi ningeanza na kuhesabu vyombo, kwa sababu kilo bila safari hazisemi kitu. Kilo 60,000 kwa mwaka ni habari njema kama zilitokana na safari 10,000, na ni habari mbaya kama zilihitaji safari 20,000.

Chagua siku za kuhesabu kwa kura, si kwa nafasi ya karani. Zigawe kati ya misimu ya upepo wa kusi na wa kaskazi, na ndani ya kila msimu zigawe kati ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Karani anayependa kwenda diko kaskazi tu, bahari ikiwa shwari, ataandika bahari tajiri kuliko ilivyo. Kwa kila siku uliyochagua, andika: vyombo vingapi vimetoka, vyenye watu wangapi, madema mangapi yametegwa na yamelala majini siku ngapi. Dema lililolala siku mbili si sawa na lililolala siku moja.

Wavuvi wa dago nao waandikwe, hata kama wanapiga kambi wiki tatu tu na kuondoka. Samaki wanaochukua wanatoka kwenye mwamba uleule.

Jambo moja la kulifuatilia kwa makini ni mabadiliko ya chombo. Ngalawa iliyofungwa mashine ya pembeni, nahodha aliyenunua jipiesi (GPS, kifaa cha kuonyesha mahali), madema yaliyoongezeka kutoka 10 hadi 25 kwa mtu: daftari litaendelea kusema "safari moja", kumbe safari hiyo sasa ina nguvu ya mbili. Kilo kwa safari zinaweza kubaki palepale miaka mitano huku samaki wakipungua, kwa sababu ya nguvu hiyo iliyoingia kimyakimya. Weka safu ya "mabadiliko ya zana" kwenye daftari na uijaze kila mwanzo wa msimu.

3. Pima kilo, pamoja na zile zisizofika mnadani

Pima mashua chache vizuri badala ya kukisia zote. Pale samaki wanapouzwa kwa mtungo au fungu, pima mitungo kadhaa ya kila ukubwa, pata wastani, kisha hesabu mitungo. Wastani huo uurudie kila msimu, maana mtungo nao husinyaa samaki wakipungua.

Halafu uliza maswali mawili ambayo karani mwenye haya hayaulizi. La kwanza: kitoweo ni kiasi gani? Kila baharia huondoka na chake kabla ya mzani, na kwenye chombo chenye watu watano kitoweo si kidogo. La pili: kuna waliouzwa baharini au kushushwa diko jingine? Ongeza yote mawili. Mchukuzi wa hoteli akikutana na mashua kabla haijafika ufukweni, wanaopotea kwenye hesabu ni samaki wakubwa hasa.

Kilo za mwaka ni wastani wa kilo kwa safari mara idadi ya safari, ukikokotoa kila msimu peke yake kisha ukajumlisha. Kwenye mfano wetu: mwaka jana kilo 3 za tasi kwa safari, safari 20,000, jumla kilo 60,000.

4. Pima urefu

Hii ndiyo data rahisi kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa. Ubao wenye rula, kizuizi upande wa kichwa, mdomo wa samaki umefungwa na kugusa kizuizi, soma hadi mwisho wa mkia. Amua mapema kama unasoma hadi ncha ya mkia au hadi panapogawanyika, uandike juu ya kila ukurasa na usibadilishe. Tasi umshike kwa kitambaa. Miiba yake ina sumu na atakayechomwa hatarudi kukusaidia kesho.

Pima samaki wa chombo kizima kabla hawajachambuliwa. Ukisubiri mnadani utapima waliobaki. Samaki 200 kwa msimu ni mwanzo mzuri.

Unahitaji pia kujua wanaanza kutaga wakiwa na urefu gani. Kaa na mama karanga (wanawake wanaonunua samaki na kuwakaanga) au wapara samaki, pima kila samaki kabla hajapasuliwa, andika kama ana mayai au shahawa zilizokomaa. Urefu ambao nusu ya samaki wamekomaa ndio urefu wa ukomavu. Hifadhidata ya FishBase ina makadirio ya aina nyingi ukihitaji pa kuanzia, ila chukua ya karibu na bahari yako.

Mwaka 2004 mwanasayansi Rainer Froese alipendekeza maswali matatu ambayo kamati yoyote inaweza kujibu kwa orodha ya urefu peke yake: wangapi kati ya waliovuliwa wameshakomaa (lengo ni wote), wangapi wako karibu na urefu unaoleta mavuno bora, na wangapi ni wazazi wakubwa. Katika bahari ambayo wavuvi hawachagui ukubwa, wazazi wakubwa wakiwa asilimia 30 hadi 40 ya wanaovuliwa, hali ni nzuri. Ukiona nusu ya tasi kwenye ubao hawajafikia ukomavu na wakubwa wanahesabika kwa vidole, hujahitaji hesabu nyingine kujua upande wa kuelekea.

Anayetaka kwenda mbele atumie kanuni ya Beverton na Holt, inayokadiria kasi ya vifo vya samaki kutokana na urefu wao. Unahitaji urefu wa juu kabisa wa aina hiyo (ukikosa, gawa samaki mkubwa kuliko wote aliyewahi kupimwa kwa 0.95), kasi ya ukuaji wake, urefu ambao dema huanza kuwashika wote, na wastani wa urefu wa wale waliouvuka. Tuseme urefu wa juu ni sentimita 36, kasi 0.8 kwa mwaka, dema linawashika wote kuanzia 18, na wastani wa waliovuka 18 ni 21:

kasi ya vifo vyote = 0.8 × (36 − 21) ÷ (21 − 18) = 4.0 kwa mwaka

Vifo vya asili kwa samaki wa namna hii hukadiriwa kama mara moja na nusu ya kasi ya ukuaji, yaani 1.2. Kinachobaki, 2.8, ni vifo vya uvuvi: asilimia 70 ya vifo vyote. Kipimo cha zamani cha mwanasayansi wa uvuvi John Gulland kinasema sehemu ya uvuvi isizidi nusu, na kwa samaki wadogo wa makundi kama vibua na dagaa wataalamu hushuka hadi asilimia 40. Wastani ungekuwa sentimita 24 badala ya 21, sehemu ya uvuvi ingeshuka hadi asilimia 25. Sentimita tatu za wastani zimegeuza hukumu nzima, ndiyo maana nasisitiza ubao usomwe sawasawa.

5. Chora mstari wa Schaefer

Kama madaftari yanarudi nyuma miaka 10 au zaidi, na katika miaka hiyo safari zilipanda au kushuka vya kutosha, tumia njia aliyoieleza mwanasayansi wa uvuvi Milner Schaefer mwaka 1954. Chukua karatasi ya grafu. Chini weka safari za mwaka, pembeni weka kilo kwa safari. Kila mwaka ni nukta moja. Pitisha mstari ulionyooka katikati ya nukta. Programu ya jedwali kwenye simu itakuchorea.

Mstari wa mfano wetu unaanzia kilo 9 pale ambapo hakuna anayevua, na unashuka kilo 0.3 kwa kila safari 1,000 zinazoongezeka. Zidisha, utapata:

Safari 5,000: kilo 7.5 kwa safari, jumla 37,500
Safari 10,000: kilo 6, jumla 60,000
Safari 15,000: kilo 4.5, jumla 67,500
Safari 20,000: kilo 3, jumla 60,000
Safari 25,000: kilo 1.5, jumla 37,500

Soma mstari wa pili na wa nne tena. Kilo ni zilezile, na safari 10,000 za ziada zimeleta gharama ya mafuta, chambo na jasho tu. Nikiwa na dakika tano na manahodha, jedwali hili ndilo ninalochora mchangani.

Sasa, hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Wanaona 67,500, wanaambiwa ndicho kiwango cha juu cha mavuno endelevu, wanakitangaza kuwa kikomo cha mwaka. Kiwango hicho ni cha bahari yenye nusu ya samaki wake wa asili. Yetu iko wapi? Kilo 3 kwa safari dhidi ya 9 za mwanzo: theluthi moja. Bahari ya theluthi, kwa hesabu ya Schaefer ileile, inazaa kilo 60,000 za ziada kwa mwaka, si 67,500. Ukichukua 67,500 unakula mtaji. Ukichukua 60,000 unabaki palepale kwenye umaskini wa kilo 3 kwa safari, mwaka nenda mwaka rudi, na karatasi inasema uvuvi ni endelevu. Ukichukua 48,000, kilo 12,000 zinabaki majini kukua na kutaga.

Mstari huu una udhaifu wake. Unadhani bahari imeshatulia baada ya kila badiliko la safari, jambo ambalo ni nadra, na hauoni joto la maji likiua matumbawe. Kama nukta zako zote zimerundikana mahali pamoja, usiuchore; utapata mstari wowote unaoutaka.

6. Toa kikomo cha mwaka huu

Wenye data chache duniani hawangoji mstari mzuri. Baraza la kimataifa la utafiti wa bahari linaloshauri nchi za Atlantiki ya Kaskazini, ICES, lilitumia kwa miaka kanuni fupi ambayo diko lolote linaimudu: wastani wa kilo kwa safari wa miaka miwili ya mwisho, gawa kwa wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, zidisha kwa mavuno ya karibuni. Badiliko lisizidi asilimia 20 kwa mara moja, juu au chini. Kama hujui hali ya samaki ikoje, au unajua ni mbaya, punguza asilimia 20 nyingine kama tahadhari. Baadaye ICES waliingiza pia kipimo cha urefu kwenye kanuni yao, na wewe ubao unao tayari.

Tuseme miaka mitano ya tasi ni kilo 4.2, 4.0, 3.8, 3.3 na 3.0. Wastani wa miwili ya mwisho ni 3.15, wa mitatu ya nyuma ni 4.0, uwiano 0.79. Punguzo limepita asilimia 20, kwa hiyo tunasimama kwenye 0.8: kilo 60,000 × 0.8 = 48,000. Orodha ya urefu ikiwa inaonyesha wazazi wamebaki wachache, tahadhari inatushusha hadi 38,400.

Lipi kati ya hayo mawili? Kitabu kingesema 38,400. Mimi ningeipa kamati yote mawili, na ningependekeza 48,000 pamoja na dema la macho makubwa zaidi, kwa sababu punguzo la karibu asilimia 40 kwa mwaka mmoja hupitishwa kwenye karatasi na kuvunjwa kabla ya Ramadhani. Lakini hilo ni chaguo la kamati, na dema likibaki la macho madogo basi kilo 48,000 hazina utetezi.

7. Geuza kilo kuwa kitu kinachoonekana ufukweni

Hakuna mtu atakayesimama diko tarehe 14 Oktoba na kusema kilo zimetimia, rudini nyumbani. Kikomo cha kilo hufanya kazi kwenye bandari yenye mzani mmoja na lango moja. Kwetu samaki hushuka mahali kumi. Kwa hiyo gawa: kilo 48,000 kwa kilo 3 ni safari 16,000. Kutoka 20,000 hadi 16,000 ni sawa na chombo kilichokuwa kikienda siku 20 kwa mwezi kwenda siku 16.

Siku nne hizo zichaguliwe na manahodha wenyewe. Wengine watapenda kupumzika siku za maji mafu ambazo dema halipati kitu; kataa kwa adabu, maana kupumzika siku isiyo na samaki hakupunguzi samaki waliovuliwa. Angalau mbili kati ya nne ziwe za bamvua. Na idadi ya madema kwa mtu ifungwe siku hiyohiyo, la sivyo siku zinazopungua zitafidiwa kwa madema yanayoongezeka.

Ukubwa wa jicho la dema uambatane na urefu wa ukomavu mliopima hatua ya nne. Madema yenye upenyo wa kuwatoa wadogo yamejaribiwa pwani ya Kenya: samaki wembamba na wachanga hupita, wa kuuzika hubaki. Mkivua kwa mshipi, tazameni ukubwa wa ndoana. Juya na nyavu zinazoburutwa hazihitaji mjadala wa kikomo, sheria imeshaziondoa.

Kusi ikiisha, fungua daftari tena. Kilo kwa safari zikiwa zimepanda hadi 3.4, safari zilizobaki zitaleta kilo nyingi kuliko mlivyopanga. Kamati iamue kama inapunguza safari au inaiachia bahari nafasi mwaka ujao. Zikiwa zimeshuka chini ya 3 licha ya punguzo, kagua kwanza dago, kisha uuzaji wa baharini, ndipo ulaumu bahari.

8. Wasiohesabika kwa njia hii

Pweza huishi mwaka mmoja na ushei, na jike hufa baada ya kuatamia mayai yake. Mavuno ya mwaka jana hayakuambii chochote kuhusu mwaka huu. Kwake tumia kufunga mwamba kwa muda, miezi miwili au mitatu, pamoja na uzito wa chini unaoruhusiwa; kufunga kwa muda walianza nako kijiji cha Andavadoaka nchini Madagaska mwaka 2004, na vijiji kadhaa vya Pemba hufanya hivyo. Kanuni za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Siku ya kufungua mwamba piga hesabu ya wavuvi kabla ya kilo, maana watakuja hata wasioalikwa, na mwamba uliopumzika miezi mitatu unaweza kusafishwa kwa maji ya bamvua moja.

Dagaa na vibua hutegemea zaidi mvua, mikondo na chakula cha maji ya juu kuliko idadi ya mashua zenu. Kilo kwa safari pia hudanganya kwao, kwa sababu taa huwakusanya hata wakiwa wachache. Hesabuni usiku wa kutafuta kundi, si kilo peke yake.

Jodari na nguru husafiri. Hakuna kikomo cha kijiji kwa jodari. Jodari wa manjano aliwekewa mpango wa kurejesha wingi wake na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, mwaka 2016, na mgawo hujadiliwa kati ya nchi. Kazi ya diko hapo ni kupeleka takwimu sahihi kwa afisa uvuvi, kwa sababu nchi isiyoonyesha mavuno ya wavuvi wake wadogo huenda kwenye meza ile mikono mitupu.